Mmoja Baharini, Mmoja Ufukweni



Sisi ni mume na mke wa miaka tisa ya ndoa, na tunaandika haya pamoja, kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Mume hupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Alijifunza kabla hatujaoana. Mke amezaliwa Mombasa, amekulia Mombasa, na hajui kuogelea. Watu wa bara wataona ajabu. Akina mama wa pwani hawataona ajabu hata kidogo.

Disemba iliyopita tuliwaacha watoto kwa bibi yao, tukashika njia ya Malindi hadi Kilifi, safari ya kilomita 60 hivi, tukapanga chumba Bofa kwa siku nne. Tuliuchagua msimu wa kaskazi kwa kuwa maji huwa maangavu. Kusi likivuma bahari huchafuka, na mzamiaji hulipa fedha zake akaishia kutazama mchanga uliotibuka. Mambo ya upepo na maji tuliyajadili wiki mbili nzima. Hatukujadili mke atafanya nini mumewe akiwa chini ya maji.

Siku ya kwanza ilitujibu. Mume aliondoka na mashua saa moja asubuhi, akaahidi kurudi saa sita. Wengi hudhani mbizi ni jambo la muda mfupi. Mtungi mmoja humweka mtu chini kwa dakika 40 au 50, kutegemea kina na pumzi yake. Kisha hupumzika juu kama saa nzima ili naitrojeni iliyoingia mwilini ipungue, ndipo ashuke mara ya pili. Ukiongeza mwendo wa kwenda na kurudi, asubuhi imekwisha.

Mke alikaa kivulini na kitabu. Saa sita ikapita. Akaenda chumbani kuswali Adhuhuri, akarudi ufukweni. Saa nane, simu ya mume haikupatikana. Maji yalikuwa yamekupwa, miamba imetokeza, na baharini hakukuonekana chombo. Tumekubaliana kuandika wazi, basi tunaandika: alianza kufikiri nani atapigiwa simu kwanza, mama mkwe au shemeji, na watoto wataambiwa nini.

Mashua ilirudi karibu na Alasiri. Injini ilikuwa imezimika, wakavutwa na wavuvi. Mume alishuka mbio akicheka, amejaa habari za taa mkubwa aliyempita juu ya kichwa. Mke alimtazama kutoka utosini hadi miguuni, akamshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha akaingia ndani bila kumjibu.

Usiku alisema, "Bwana, umenileta kupumzika au umenileta kukungojea? Kungojea ningengojea nyumbani, na watoto wangu."

Mume alitaka kujitetea kwa habari ya injini. Akanyamaza, kwa kuwa alitambua kwamba swali halikuhusu injini.

Tulikumbushana usiku ule kisa ambacho wengi wetu tulikisikia madrasa: Mtume, rehema na amani zimshukie, akiwa safarini aliwaambia watu watangulie, kisha akashindana mbio na Bi Aisha. Bi Aisha akamshinda. Baadaye walishindana tena, naye Mtume akashinda, akamwambia kwamba hii ni badala ya ile. Kisa hicho hutajwa sana kwa ajili ya upole wake. Sisi tulikitazama kwa jambo jingine: katikati ya safari yenye shughuli zake, ulitengwa wakati wa wawili, na mchezo uliochaguliwa ni ule ambao wote wawili waliuweza.

Tukawekeana mapatano matatu. Kwanza, mume atazamia asubuhi moja tu kati ya zilizobaki. Pili, siku hiyo mke atakuwa na nambari ya nahodha na ya mtu anayebaki nchi kavu, na mashua ikichelewa atapigiwa simu kabla hajaanza kuuliza. Tatu, naye mke atakuwa na safari yake mwenyewe, iliyopangwa mapema, si jambo la kupotezea wakati mpaka bwana arudi.

Siku ya pili tulivuka Daraja la Kilifi, lililofunguliwa 1991 na kuchukua nafasi ya feri, tukaenda pamoja kwenye magofu ya Mnarani juu ya mkono wa bahari. Kuna msikiti wa kale wenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye mawe, kaburi la mnara, na mibuyu mikubwa. Tulisimama mbele ya kibla, tukawaombea waliotutangulia. Saa mbili tulizokaa pale zilitusemesha kuliko mwezi mzima wa nyumbani.

Siku ya tatu mume alizamia Watamu. Wake wawili wa wazamiaji wenzake walikuwa wamejiandaa kungoja ufukweni. Mke akawachukua, wakaenda Gede, mwendo mfupi kwa gari. Mji ule wa mawe ya matumbawe, uliohamwa karne nyingi zilizopita, uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024. Wanawake watatu walitembea katika kasri na Msikiti Mkuu, wakasimama penye kisima na birika la kutawadhia. Kupungua kwa maji ya visima ni miongoni mwa sababu zinazotajwa za watu kuuhama mji ule.

Mchana huo, mezani, yalitokea mambo mapya kwetu. Kila mmoja alikuwa na la kusimulia. Mume alieleza habari za kasa. Mke akaeleza habari za kisima, na mume akauliza maswali hata wali ukapoa. Miaka tisa mmoja wetu alikuwa msimulizi na mwingine msikilizaji, nasi tulidhani ndivyo tulivyoumbwa.

Jioni tulipanda mashua yenye sakafu ya kioo katika Hifadhi ya Bahari ya Watamu, iliyotengwa mwaka 1968. Inafaa kwa mzee, mtoto, na kila asiyetaka kulowa. Mke aliinama muda mrefu. Alipoinuka alisema, "Nataka kutazama bila kioo hiki."

Siku ya nne haikuwa na mbizi. Jamaa wanaotujia kwa ndege kutoka Muscat au Dubai wajue hivyo pia: baada ya kuzamia, mtu huacha siku nzima kabla ya kupanda ndege, asije akadhurika kwa naitrojeni iliyobaki mwilini. Saa hizo mzamiaji hana udhuru. Ni haki ya aliye naye.

Baada ya Alfajiri tuliteremka Bofa. Ufuko ulikuwa mtupu, maji yamekupwa na kutulia. Mke alivaa vazi pana la kujisitiri, akaingia mpaka magotini, kisha kiunoni, mkono mmoja ndani ya mkono wa mume. Akavaa miwani ya kuzamia. Mara ya kwanza aliinua uso kwa hofu. Mara ya pili pia. Mara ya tatu aliutia majini, akakaa.

Alipoinuka alikuwa akihema. "Kuna kisamaki," alisema, "chenye milia. Kilikuwa kinaniangalia."

Mume alimwuliza ni cha namna gani. Mke akasema hajui, na kwamba atakitazama tena ndipo aseme. Akarudisha uso majini, naye mume akasimama palepale ameushika mkono wake, akingoja.

Wabillahi tawfiq.