Nani Asimame Nyuma?

Mtu apitaye Nyakabiga wakati wa jioni, akitoka upande wa Chuo Kikuu huko Mutanga na kushuka kuelekea Bwiza, husikia Kirundi kwanza, kisha Kifaransa cha wanafunzi. Lakini akifikia penye kundi la watu wabishanao juu ya mpira, hapo atasikia Kiswahili. Sisi tufundishao lugha hiyo tumelitazama jambo hili miaka mingi, na twaona sababu zake si za kutafutwa mbali. Kandanda ya mji huu ina mizizi mirefu Buyenzi na Bwiza, mitaa ya Waswahili; tena habari za Simba na Yanga hutufikia toka Dar es Salaam katika lugha hiyo hiyo. Amissi Tambwe alipoihama Vital'O mwaka 2013 kwenda Simba, akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania kwa magoli 19 katika msimu wake wa kwanza, watu wa hapa walizifuata habari zake kila juma, na hawakuzifuata kwa Kifaransa.

Basi mwaka 2023 timu moja ya mtaani kwetu ilipungukiwa na beki wa kati. Aliyekuwapo alikwisha vuka mpaka kutafuta riziki, kama wavukavyo wengi. Viongozi wakabaki na vijana wawili wa kuchagua. Mmoja alikuwa pande la mtu, mchukuzi wa mizigo sokoni, ambaye mshambuliaji akigongana naye huinuka akijipangusa vumbi na kutazama pa kupitia kwingine. Wa pili alikuwa mwembamba, wala hana mbio za kutajika, ila alikuwa na kipawa cha kufika mahali kabla ya mpira kufika. Huyu wa pili alikuwa mwanafunzi wetu, naye alikuwa katika darasa la mwisho, mtihani wa taifa ukimngoja.

Mabishano yalidumu majuma mawili, penye kibanda cha fundi cherehani mmoja mzee ambaye hana timu ila ana kumbukumbu. Mzee huyu alikuwa upande wa mchukuzi, na hoja yake ilianzia mwaka 1992. Mwaka huo Vital'O ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, jambo ambalo klabu nyingine ya Burundi haijalifikia. Mchezo wa kwanza hapa Bujumbura ulikwisha 1–1. Ule wa marudiano mjini Abidjan, Africa Sports walishinda 4–0. "Magoli manne!" alisema mzee, akiinua vidole vinne vyenye sindano katikati yake. "Mtaniambia habari ya akili hata kesho. Siku ile ilitakiwa miili."

Vijana hawakumwacha hivyo. Walimjibu kwa habari za Intamba mu Rugamba, timu yetu ya taifa, ambayo jina lake la Kirundi maana yake ni mbayuwayu vitani. Na mbayuwayu, walisema, si ndege wa maguvu. Timu hiyo ilicheza mechi sita za kutafuta nafasi ya kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019 pasipo kufungwa hata moja: ilishinda mbili, ikatoka sare nne. Sare ya mwisho ilikuwa ya 1–1 na Gabon, tarehe 23 Machi 2019, hapa hapa mjini, na kwa sare hiyo Burundi iliingia katika mashindano hayo kwa mara ya kwanza. Huko Misri mambo yalikuwa mengine. Tulifungwa 1–0 na Nigeria, 1–0 na Madagaska, 2–0 na Guinea, wala hatukupata hata goli moja. Vijana waliisoma hesabu hiyo kwa namna yao: magoli manne katika mechi tatu, mbele ya watu kama Wanigeria, si aibu ya mabeki, aibu ni ya waliokuwa mbele. Mzee akasema kufungwa ni kufungwa. Hapo pakawa na kelele ambazo hatukuweza kuzinakili.

Jambo moja lilitugusa katika kelele hizo, nalo ni kwamba majina yote yaliyotajwa kwa fahari yalikuwa ya washambuliaji. Shabani Nonda, aliyezaliwa mji huu, akapitia Vital'O na Yanga hata akafika fainali ya Ulaya ya 2004 akiwa na Monaco. Mohamed Tchité. Saido Berahino, nahodha wetu wa 2019. Tulipouliza nani awataje mabeki, pakawa kimya, mpaka mtu mmoja akamkumbuka Valery Nahayo, aliyecheza Afrika Kusini na Ubelgiji. Baada yake hatukupata jina jingine. Hao hao waliosahau ndio waliokuwa wakibishana wiki mbili juu ya beki.

Kijana mmoja wa Chuo Kikuu alituletea habari za Marekani, ambako wana mpira wao wa mikono na kofia ngumu. Tangu mwaka 1936 ligi yao huwagawa vijana watokao vyuoni kwa foleni, na klabu iliyoshika mkia ndiyo ichaguayo kwanza. Mwaka 2022 klabu ya Jacksonville, iliyokuwa ya mwisho, ilimchagua Travon Walker, mlinzi wa mstari wa mbele, na kumwacha Aidan Hutchinson, ambaye ni wa kazi hiyo hiyo. Detroit wakamchukua papo hapo. Mashabiki waligombana miezi mingi, huyu akisifiwa kwa maumbile yake, yule kwa yale aliyokwisha yafanya. Mzee fundi alisikiliza kwa makini, kisha akauliza: "Yaani aliyeshindwa ndiye achaguaye kwanza?" Akaambiwa ndiyo. Akacheka sana. Na kwa kweli alikuwa na haki ya kucheka, maana kwetu aliye maskini huchagua mwisho, na akimpata kijana mzuri humlea kwa ajili ya Kigali, Dar es Salaam au Nairobi.

Sisi walimu hatukuwa watazamaji tu. Tuliombwa rai mara mbili, na mara zote mbili tulisema kijana mwembamba anafaa uwanjani kuliko mwenziwe, lakini asichukuliwe kabla mamaye hajaulizwa. Mashabiki walituona wachelewesha mambo. Mama alipokuja, mjane auzaye ndagala, hakuuliza habari ya umbo wala ya akili. Aliuliza mtoto atarudi nyumbani saa ngapi, na akivunjika mguu nani atalipa. Katika majuma mawili ya hoja, maswali hayo mawili hayakuwa yamesikika. Kisha akataka majibu yaandikwe.

Tukapewa sisi kazi ya kuandika, kwa Kiswahili, ili kila mtu aelewe. Tuliandika kwamba kijana ataichezea timu akiwa mlinzi wa kati. Mama aliposomewa alitusimamisha. "Walimu, mwanangu hakusoma miaka yote hii ili awe zamu." Lazima tueleze: katika mji huu mlinzi wa nyumba za matajiri huitwa zamu, na Warundi, walioliazima neno hilo katika Kiswahili, wamelifanya umuzamu, ambaye ni bawabu wa usiku na pia ni golikipa. Tulimweleza mama kwamba mlinzi ndilo neno la vitabu na la redio. Alitusikiliza kwa adabu, akasema vitabu havimjui mwanawe. Tukafuta, tukaandika beki. Tulilolitetea darasani miaka mingi kuwa neno bora tulilifuta kwa mstari mmoja wa wino, na hatuoni kuwa lugha ilipata hasara.

Karatasi ile ina mistari kumi na mmoja. Yasema mazoezi ni siku tatu kwa juma hadi mtihani upite, na kwamba gharama za matibabu ni juu ya timu. Mchukuzi naye alichukuliwa, awe akiba, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpa mwenziwe mkono.

Mechi ya kwanza ilikwisha 0–0. Mzee fundi alisema huo si mchezo, ni usingizi. Siku ya Jumatatu kijana aliingia darasani saa moja na nusu, kifundo cha mguu kimefungwa kitambaa, akaketi mahali pake, nyuma kabisa.