Gari Linalozimika Bila Kusema



Katika ukurasa huu nimezoea kuandika habari za nasaba, ndoa na safari za wazee wetu baina ya Unguja na Oman. Leo naandika habari za injini ya gari, wala msione ajabu. Maarifa ya kazi nayo ni urithi, na aghalabu hupotea upesi kuliko majina ya mababu.

Gari lenyewe ni la Kijapani, la mwaka 2009. Ndilo ninalompelekea dada yangu mkubwa hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Kiangazi kilichopita lilianza kuzimika njiani. Halikukohoa wala halikutetemeka. Lilinyamaza tu, kama mtu aliyekatizwa kauli. Baada ya nusu saa huwaka tena kana kwamba hapakuwa na jambo. Taa ya injini haikuwaka hata siku moja.

Wenye kuijua Ruwi wataelewa khofu yetu. Njia ya Wadi Adai imebanwa na majabali huku na huku, na malori yako nyuma yako. Injini ikizimika, usukani huwa mzito, na breki hubakiwa na nguvu ya kukanyagwa mara moja au mbili tu, kisha hukakamaa. Afikwaye na hali hiyo asiikanyage na kuiachia mara kwa mara: aikanyage kwa utulivu, awashe taa za hatari, ajisogeze pembeni. Dada yangu hawezi kwenda hatua ishirini katika jua la nyuzi 45. Hakulalamika; alikuwa akisoma uradi wake kimya kimya, na hilo lilinichoma zaidi.

Wanangu walisema, "Baba, liuze." Lakini kumuuzia mwenzio gari lenye maradhi yasiyojulikana ni kumuuzia maradhi.

Gereji ya kwanza ilichomeka mashine ya kupimia katika tundu lenye pini 16 lililo chini ya usukani. Tundu hilo lililazimishwa Marekani kwa magari madogo yote kuanzia mifano ya mwaka 1996, na nchi nyingine zikafuata. Mashine ikajibu kwamba hakuna hitilafu. Hapo wakashauri tubadilishe pampu ya mafuta, kisha plagi, kisha koili. Niliona huko ni kununua majibu kabla ya kuuliza swali, nikashukuru nikaondoka.

Mashine haikusema uongo. Kompyuta ya gari huandika yale tu iliyofundishwa kuyatambua. Hitilafu nyingi hazitangazwi mpaka zijirudie katika safari mbili, na nyingine hupita kwa nukta moja, isibaki alama. Gari likifika gereji limekwisha kupoa, limepona, na halina la kushitakia.

Mimi nimekuwa karani miaka thelathini na zaidi, na karani hana ila daftari. Nikatia daftari garini. Kila lilipozimika niliandika tarehe, saa, mahali, kiasi cha petroli, muda tuliokwenda, na sindano ya mizunguko ya injini ilivyoanguka. Niliandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kama marehemu baba alivyoandika hesabu za duka lake.

Yalipotimia mara kumi na moja, mambo yakajipanga yenyewe. Asubuhi halikuzimika kamwe. Petroli nyingi au chache hazikuhusika. Mara tisa lilizimika baada ya safari ndefu kufuatiwa na kituo kifupi: tumetoka Seeb, tumesimama dakika kumi dukani, tumeondoka, limezimika. Na kila mara sindano iliporomoka hadi sifuri kwa mkupuo mmoja.

Hapo nilimkumbuka ami yangu, aliyekuwa akiendesha lori la Bedford lenye bodi ya mbao baina ya mashamba na mjini Unguja. Kabla hajafungua boneti aliuliza: limezimika wapi, na limezimika vipi? Lori likizimika mchana wa jua kali, petroli imechemka ndani ya bomba, alilowesha kitambaa, akakizungushia bomba, akangoja. Likiwaka, joto ndilo lenye kosa. Alijua pia kwamba injini iliyosimama hivi punde huzidi kupata joto, kwani upepo na maji yanayoipoza navyo vimesimama.

Gari la leo halina kabureta, lakini swali ni lile lile. Nililipeleka daftari Wadi Kabir kwa fundi mmoja wa Kerala. Tulizungumza Kihindi cha mitaani, kile tulichokiokota utotoni kwa majirani zetu Wahindi wa Mji Mkongwe. Herufi zangu hakuzisoma, tarakimu alizisoma. Akatabasamu, akasema tuliendeshe mpaka lichoke, kisha tulisimamishe.

Likazimika mbele yake. Akachomeka mashine, safari hii si kutafuta hitilafu zilizohifadhiwa bali kutazama vipimo papo hapo. Starta ikazungusha injini, na kompyuta ikasoma mizunguko sifuri. Kihisi cha krenki, kinachoieleza kompyuta kwamba injini inazunguka, kilikuwa kimenyamaza. Ndani yake mna waya mwembamba kama unywele. Ukipata joto hutanuka, na palipo na ufa hukatika. Ukipoa hugusana tena. Kompyuta isiposikia mzunguko hudhani injini imesimama, ikakata petroli na cheche. Fundi akakibandika kitambaa cha maji baridi. Dakika chache, gari likawaka. Kitambaa kile kile cha ami.

Kihisi kipya kiliingia siku ile ile, na kiangazi kilipita salama.

Si kila gari linalozimika lina ugonjwa huu. Linalokohoa na kudhoofika kabla ya kuzimika, aghalabu limekosa petroli; linalokatika ghafla limekosa umeme. Tazameni rilei ya pampu, swichi ya ufunguo, na waya wa arthi baina ya betri na injini: pima volti baina ya ncha hasi ya betri na chuma cha injini huku starta ikizunguka, na ikizidi kama nusu volti, waya huo umeoza au umelegea.

Ami hakuandika chochote, na maarifa yake yote yalikaa kichwani mwake. Nawaomba, nyinyi mlioko London, Dubai au Mombasa: waulizeni wazee wenu walifanya kazi gani na waliifanyaje, kisha mwandike. Mwanangu mdogo amelikuta daftari garini, akaniuliza limeandikwa nini. Sasa kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana namfundisha herufi zile. Amefika kwenye safari ya tatu.

Wassalaam.