NYUMBA YA MTAA WA MONTMORENCY

Mwezi huu tunawatembeza mbali kidogo: Ufaransa, mjini Paris, mtaa wa Montmorency, nyumba namba 51. Hutajwa kuwa nyumba ya mawe ya zamani kuliko zote mjini humo. Ilijengwa mwaka 1407.

Aliyeijenga ni Nicolas Flamel. Kazi yake ilikuwa kunakili maandishi kwa mkono, maana wakati ule mitambo ya kuchapa vitabu ilikuwa haijafika huko. Mke wake, Pernelle, alikuwa ameshafiwa na waume wawili kabla ya kuolewa naye, akaja na mali yake. Alifariki mwaka 1397.

Nyumba yenyewe ikoje? Enzi hizo nyumba nyingi za Paris zilikuwa za mbao. Hii, ukuta wake wa mbele ni mawe matupu. Kwenye nguzo za chini wamechongwa malaika wanaopiga ala za muziki, pamoja na herufi N na F. Juu palikuwa na ukuta mrefu wa pembetatu, ambao siku hizi haupo tena.

Flamel hakuishi humo. Chini yalikuwa maduka ya kupangisha, na vyumba vya juu maskini walikaa bila kulipa kodi. Sharti lao lilikuwa moja: kila mtu, kila siku, asali Baba Yetu moja na Salamu Maria moja kuwaombea marehemu. Sharti hilo limechongwa juu ya milango, na bado linasomeka. Na sikilizeni jambo hili: maandishi yale yanaanza na neno "sisi". Ni sisi wanaume na wanawake wa kazi, tunaokaa nyumba hii. Mwenye nyumba kajipatia herufi mbili nguzoni, wakaaji wamepewa sentensi nzima!

Baada ya Flamel kufa mwaka 1418, watu walizusha mengi. Eti alijua kugeuza madini kuwa dhahabu! Vitabu vya miaka ya 1600 vikaeneza hadithi hiyo. Lakini mali yake ilitokana na kalamu, na mke, na kodi za nyumba. Mwaka 1911 serikali iliiweka nyumba hii kwenye orodha ya majengo ya kumbukumbu.

Sisi tunaokaa chini ya shitingi tunajua maana ya kupewa pa kulala. Majina ya wale wa 1407 hayapo ukutani, ila "sisi" yao imedumu zaidi ya miaka 600.

Basi, watoto, waulizeni wazee: nyumba tuliyoiacha kule nyumbani ilijengwa na nani? Kwa matofali gani? Mlango ulitazama wapi? Nani walilala humo? Andikeni kwenye daftari sasa hivi, wazee wangali nasi.

Tuonane mwezi ujao.