Maneno ya Kingereza yenye sura ya Kifaransa

Ndugu msomaji, na zaidi wewe kijana unayetafuta kazi, leo tuseme juu ya Kingereza. Wengi wenu muko na kaye ya maneno makubwa makubwa, munayakariri usiku kwa taa. Ni vizuri. Lakini mimi, kijana akinionyesha kaye yake, siangalii kwanza maneno magumu. Naangalia yale anayoona ni mepesi, kwa sababu yanafanana na Kifaransa cha masomo.

Chukua "injury". Aliyesoma Kifaransa anasikia "injure", basi anafikiri ni tusi. Sivyo, ni jeraha. Kama kwenye kazi wameandika kwamba kila "injury" ijulishwe kwa mkubwa, kijana aliyekatwa kidole atanyamaza, maana hakuna aliyemtukana! Na "hazard"? Kifaransa "hasard" ni bahati. Kingereza ni hatari. Kamyo ikiingia Kasumbalesa toka Zambia, ambako Kingereza njo lugha ya serikali, nayo imeandikwa neno lile, usiende kujaribu bahati yako karibu nayo.

Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandie, alivuka bahari akashinda Uingereza, na kwa miaka mingi sana wakubwa wa kule walisema Kifaransa. Njo maana maneno yanafanana. Lakini mengine yaligeuka, kama mtoto aliyelelewa kwa mjomba. Hilo "hasard" lilikuwa mchezo wa kete: Wafaransa wakashika bahati, Waingereza wakashika hatari.

Linaloniumiza zaidi ni "demand", maana barua za kuomba kazi zinaletwa kwangu nizisome. Kifaransa "demander" ni kuomba tu. Kingereza "I demand" ni kudai, kama mtu mwenye deni lake. Mkubwa gani atakuita? Andika "I am applying", inatosha.

Si kila mara Kifaransa kinadanganya, hapana. "Inflammable" katika lugha zote mbili ni kitu cha kushika moto upesi, na "flammable" ni lile lile. Hapo wewe wa Kifaransa unamshinda yule anayefikiri "in" inakataa.

Basi, katika kaye usiweke Kifaransa kando ya Kingereza. Weka maana kwa Kiswahili cha nyumbani, na sentensi moja uliyotunga wewe. Ukifika kwa "library", andika: nyumba ya kuazima vitabu, si duka.