Kicheko cha Kashasha na Ndoto za Paris

Msomaji wa Unguja akilisikia jina la Miembeni, fikra zake humpeleka moja kwa moja kwenye mtaa wa Mjini. Miembeni inayokusudiwa hapa iko mbali na bahari. Ni kata ya mji wa Bukoba, mkoani Kagera, kwenye ukingo wa magharibi wa Ziwa Victoria, katika nchi ya Wahaya ambako mgomba ndio mti wa kila ua. Umbali wa maili 25 hivi kutoka mji huo ilikuwapo skuli ya bweni ya wasichana iliyoendeshwa na wamisionari, katika kijiji cha Kashasha. Hapo lilitokea jambo ambalo dunia nzima imelisimulia, na ambalo aghalabu imelisimulia vibaya.

Tarehe 30 Januari 1962, yapata wiki saba baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu wa skuli hiyo walishikwa na kicheko wasichoweza kukizuia. Baada ya siku chache wakashikwa wengine. Kufikia tarehe 18 Machi, skuli ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamekwisha kupatwa. Walimu hawakupatwa hata mmoja. Wasichana waliporudishwa makwao, kicheko nacho kilikwenda. Huko Nshamba, ambayo leo imo katika Wilaya ya Muleba, watu 217 walishikwa katika miezi ya Aprili na Mei, wengi wao vijana na watoto. Mwezi wa Juni ikafika zamu ya skuli ya wasichana ya Ramashenye, karibu na mji wa Bukoba, na 48 kati ya wanafunzi 154 wakapatwa. Kashasha yenyewe ilifunguliwa tena mwezi wa Mei, ikalazimika kufungwa tena kabla ya Juni kwisha.

Wasimuliaji wa mbali wamelifanya tukio hili kuwa kichekesho: mtu alitoa mzaha, basi nchi nzima ikacheka. Waliokuwapo hawakuona la kufurahisha. Madaktari wawili, A. M. Rankin na P. J. Philip, walioandika taarifa yao mwaka 1963, wanaeleza kwamba kicheko kilifuatana na kilio, mayowe, hofu, na kukimbia ovyo kama mtu anayefukuzwa na asiyeonekana. Kiliweza kumshika mtu kwa dakika chache au saa kadhaa, kikamwachia, kisha kikamrudia. Walipima damu, wakatafuta sumu na virusi, wasipate kitu. Hakufa mtu. Wenyeji waliyaita maradhi hayo *enwara yokusheka*, yaani ugonjwa wa kucheka, na wapo waliodhani kwamba hewa imetiwa sumu na mabomu ya atomiki yaliyokuwa yakijaribiwa duniani. Madaktari walihitimisha kwa neno moja: histeria, tena ya umati.

Neno hilo lina nasaba, na kwa nasaba hiyo Kashasha inaungana na Paris. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Jean-Martin Charcot alikuwa akiwaonyesha hadharani wanawake wenye histeria katika hospitali ya Salpêtrière. Waliinuliwa jukwaani, wakalazwa usingizi wa kuamrishwa, wakapigwa picha wakiwa wamejipinda na kunyoosha mikono. Miongoni mwa waliokwenda kujifunza kwa Charcot, kati ya 1885 na 1886, ni kijana kutoka Vienna aliyeitwa Sigmund Freud. Aliporejea kwao alifanya jambo lililoonekana dogo, nalo ni kuacha kutazama na kuanza kusikiliza. Mwaka 1895, yeye na Josef Breuer walichapisha kitabu kuhusu histeria. Hoja yao ilikuwa kwamba mwili wa mgonjwa husema yale ambayo ulimi umenyimwa ruhusa kuyasema. Mgonjwa maarufu wa Breuer, Bertha Pappenheim, ndiye hasa aliyegundua kwamba akisimulia, maradhi humpungua. Hapo ndipo ulipozaliwa uchanganuzi-nafsi, pamoja na dhana ya ung'amuzibwete, yaani ile sehemu ya nafsi ambayo mwenyewe haijui ilhali yeye huongozwa nayo. Waswahili wana msemo ulio karibu na hoja hiyo: mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Mlango huo uliofunguliwa na daktari uliingiwa na mshairi. André Breton alikuwa mwanafunzi wa udaktari, na mwaka 1916, katika Vita Kuu vya Kwanza, alihudumia huko Saint-Dizier askari waliorukwa na akili. Maneno ya askari wale yalimshangaza kuliko mashairi aliyoyazoea. Mwaka 1922 yeye na wenzake walikuwa wakikaa gizani wakisubiri mmoja wao apandwe na usingizi, na Robert Desnos akanena mengi akiwa katika hali hiyo. Mwaka 1924 Breton alitoa ilani ya usurealisti, akidai kwamba sanaa ichimbuke katika ndoto na katika maandishi yasiyosimamiwa na akili. Kisha, mwaka 1928, jarida la wasurealisti likaadhimisha miaka 50 ya histeria. Breton na Louis Aragon walikataa kuiita maradhi; kwao ilikuwa uvumbuzi mkubwa wa kishairi. Pembeni ya maneno yao walichapisha picha za Augustine, msichana wa Salpêtrière.

Hapa ndipo panapotaka kutuliwa. Augustine aliingia hospitalini akiwa bado mtoto, baada ya kuingiliwa kwa nguvu na mtu mzima. Daktari aliona dalili, mpiga picha akaona mkao, na miaka 50 baadaye washairi wakaona uzuri. Yeye mwenyewe alitoa hukumu yake mwaka 1880, alipovaa nguo za kiume akatoroka. Washairi walimpenda, lakini walimpenda akiwa kwenye picha, mahali asipoweza kujibu. Freud naye hakuwa na imani kubwa na wafuasi hawa wasioalikwa. Mwaka 1932 alimwandikia Breton kwamba hakuelewa usurealisti ulikuwa ukitaka nini. Kutofautiana kwao kunaeleweka. Kwa Freud, ndoto ni barua ambayo mwenyewe anapaswa kusaidiwa kuisoma. Kwa Breton, barua ile ni nzuri kama ilivyo, na kuifasiri ni kuipunguza.

Wasichana wa Kashasha wanaionyesha kasoro ya kila upande. Aliyefuata njia ya Breton angekiita kicheko chao shairi kubwa la mwaka ule wa kwanza wa uhuru, na angelisahau kwamba walikuwa wakilia pia. Aliyefuata njia ya hospitali angeridhika na jina la maradhi. Rankin na Philip waliandika kwa uangalifu, na bila ya taarifa yao mengi yangepotea. Hata hivyo, walitaja kwamba wenye elimu na ustaarabu wa juu hawakupatwa, ilhali ugonjwa wenyewe ulianzia darasani, kwa wasichana waliokuwa miongoni mwa wachache wa rika lao waliopata kusoma. Idadi zimehesabiwa, joto la mwili limepimwa; sauti ya msichana mmoja akieleza alichokiona moyoni haikuwekwa. Na jambo moja liko wazi kwa anayeisoma taarifa ile: skuli ilifungwa, wasichana wakarudi kwa mama zao. Haimkiniki kusema kwamba ndilo walilokuwa wakilitaka. Inatosha kusema kwamba hakuna aliyewauliza.

Msomaji wa visiwani anajua utaratibu mwingine. Mtu akipandwa na pepo, fundi hatangulii kulipa jambo jina. Huuliza: wewe nani, umetoka wapi, wataka nini? Pepo hutaja jina lake na kudai haki yake, na mengi yasiyoweza kusemwa na mke mbele ya mumewe husemwa kwa ulimi wa pepo, kiti mwenyewe asilaumiwe. Wahaya nao walikuwa na *embandwa*, waliopandwa na mizimu ya Bacwezi, akiwamo Mugasha wa ziwani. Wamisionari walizipinga ibada hizo. Si lazima mtu aamini pepo ili kuliona lililokuwamo: palikuwapo mahali pa sauti isiyo na mwenyewe. Msichana wa bweni la misheni mwaka 1962 alikuwa amekatazwa mlango ule, na mlango wa Vienna haujafika kwake.

Fasihi ilijaribu kuufungua mlango wa tatu. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 kisiwani Ukerewe, katika ziwa lile lile, akawa rika moja na wakubwa wa wasichana wa Kashasha. Wapenzi wa ushairi wanamkumbuka kwa mzozo uliozushwa na *Kichomi* ya mwaka 1974, alipoandika bila ya vina na mizani. Hatua kubwa zaidi ilikuja na *Nagona* mwaka 1990 na *Mzingile* mwaka 1991. Humo, safari inakwenda kama ndoto: mahali hubadilika bila ya sababu kutolewa, na waliokufa huzungumza na walio hai. Wahakiki wengi wamelitaja jina la Freud wanapovieleza vitabu hivyo. Lakini Kezilahabi hakuhitaji kuazima ndoto Paris. Ndoto zake zimejaa visasili vya kwao, na msimulizi wake hupotea humo kwa kuwa anatafuta maana, si kwa kuwa kupotea ni kuzuri. Naye M. M. Mulokozi, mzaliwa wa Kagera aliyetafiti tendi za *enanga* za Wahaya katika tasnifu yake ya mwaka 1986, ameonyesha kwamba hata yasiyo ya kawaida yanaimbwa kwa kanuni, mbele ya hadhira inayoyajua.

Pengine hilo ndilo somo kwa wanaobishana juu ya vina na mizani. Wasurealisti walidhani kanuni ni kufuli, ikivunjwa nafsi itasema. Ngoma ya pepo na uzi wa *enanga* vinadokeza kinyume chake: mara nyingi nafsi husema ikishapatiwa mdundo wa kuegemea na mtu wa kuisikiliza. Kicheko cha Kashasha hakikuwa na mdundo wala msikilizaji, kwa hiyo kilizunguka kutoka kijiji hadi kijiji kikimtafuta.

Wasichana wale walikuwa na umri wa kati ya miaka 12 na 18. Walio hai leo wamekwisha kuvuka miaka 70, ni mabibi wenye wajukuu, na huenda wengine wako Bukoba, wengine Muleba. Kumbukumbu zao ni za kusikilizwa kwa heshima na kwa idhini yao, kwa Kihaya wakipenda, kabla ya mtu kuzipa jina la maradhi au la sanaa.