Kona ya 22

Barabara ya Stelvio, kaskazini mwa Italia, ina kona kali 48 ukipandia upande wa Prato. Kila kona ina namba: 48 iko chini, 1 iko karibu na kilele, mita 2,757. Huku ndiko Fausto Coppi alikomwacha Hugo Koblet mwaka 1953. Mimi pumzi ilikata kona ya 22. Nikashuka, nikaanza kusukuma baiskeli ya kukodi, haina hata mzigo.

Baba alisukuma yake na mikungu ya ndizi, kila siku ya gulio, mlima mzima. Nikiwa na wenzangu wa shule nilijificha asiniite. Kumbe ilikuwa kazi hivi.

Nilifika juu jioni, nikampigia. Baada ya shikamoo nikakosa la kusema.

“Baba, ile baiskeli bado ipo?”