Kwa Mwanangu Salma: Mjue Waheeda Rehman Kabla Hujatia Saini

Vuga, Unguja
Machi 2025

Mwanangu mpenzi Salma,

Baba yako anakusalimu sana, na wadogo zako kila siku wanauliza lini watakuona kwenye televisheni.

Ujumbe wako umenifikia. Umenieleza kwamba umepewa mkataba wa tamthilia hapo Dar es Salaam, na kwamba wenye kampuni wanataka mambo mawili: utumie jina jengine watakalokupa wao, na uvae nguo yoyote watakayokuletea. Umeniuliza, shangazi nifanye nini? Jibu langu nitakupa, lakini kwanza nataka umjue mwanamke mmoja aliyewahi kuulizwa mambo hayo hayo akiwa mdogo kuliko wewe. Sisi wanawake wa rika langu tulimpenda tulipokuwa tukienda sinema ya Majestic kutazama picha za Kihindi. Anaitwa Waheeda Rehman. Wewe pengine umemwona katika Rang De Basanti ya mwaka 2006, mama wa yule rubani kijana aliyekufa na ndege yake.

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1938 huko Chengalpattu, kusini mwa India, katika nyumba ya Kiislamu. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali. Yeye na dada yake walifunzwa Bharatanatyam, ngoma ya kale ya kusini, zama ambazo nyumba nyingi za Kiislamu zisingeruhusu binti acheze mbele za watu. Mwenyewe alitamani kuwa daktari. Baba akafariki Waheeda angali msichana, maisha yakawa mazito kwa mjane na watoto, na ngoma aliyojifunza kwa mapenzi ikawa ndiyo njia ya riziki. Mwaka 1955 alicheza ngoma moja tu katika picha ya Kitelugu iitwayo Rojulu Marayi. Ngoma ile ilipendwa mno. Guru Dutt, mwongozaji mkubwa wa Bombay, alipata habari za msichana huyo alipofika Hyderabad, na baadaye akamwita kwenda kufanya kazi kwake.

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Picha ya kwanza aliyopangiwa ilikuwa C.I.D., iliyotoka mwaka 1956. Mwongozaji wake, Raj Khosla, alimwambia jina lake refu, halina mvuto, libadilishwe. Na kwa desturi ya Bombay hakuwa akitaka jambo geni. Yusuf Khan alikuwa Dilip Kumar, Mahjabeen Bano alikuwa Meena Kumari, Mumtaz Jehan alikuwa Madhubala, Fatima Rashid alikuwa Nargis. Hao ndio waliokuwa wakubwa wa sinema, nani angeona aibu kufuata njia yao? Msichana yule alijibu kwamba jina amepewa na wazazi wake na hatalibadilisha. Hakuwa hata na umri wa kutia saini mkataba, ilibidi mama yake ndiye atie. Na kabla ya saini akaomba kiongezwe kifungu: nguo asiyoiridhia hataivaa. Wenye kampuni walishangaa, maana mgeni asiye na jina hawekei watu masharti. Lakini kifungu kiliandikwa, na Waheeda akabaki Waheeda.

Wala usidhani alikuwa ndiye nyota wa picha ile. Mpenzi wa steringi alikuwa Shakila. Waheeda alipewa nafasi ya pili, ya mwanamke aliyemo katika genge la wahalifu. Hakuwa na lolote la kujivunia isipokuwa msimamo wake.

Sasa tazama alichokifanya na msimamo huo. Mwaka 1957 Guru Dutt alimpa nafasi ya Gulabo katika Pyaasa. Gulabo ni kahaba anayenunua mashairi yaliyotupwa pamoja na makaratasi machafu, akayapenda, na akamthamini mshairi pale ndugu zake mwenyewe walipomkana. Katika Mujhe Jeene Do ya mwaka 1963 alikuwa mwanamke wa kucheza na kuimbia wanaume, aliyeolewa na jambazi. Katika Teesri Kasam ya mwaka 1966, pamoja na Raj Kapoor, alikuwa Hirabai, mcheza ngoma wa jukwaa linalohamahama, anayependwa na mwendesha mkokoteni wa ng'ombe asiyejua dunia inamwitaje mwanamke wa kazi ile. Umeona, mwanangu? Waheeda alikataa kuvunjiwa heshima yeye mwenyewe, lakini hakukataa kuigiza mtu ambaye dunia imemvunjia heshima. Hayo ni mambo mawili mbali mbali, na wengi huyachanganya. Kwa kuwa mpaka wake ulijulikana, aliweza kuingia ndani ya mioyo ya wanawake hao bila ya woga, na mtazamaji akawaona kuwa ni watu.

Kilele chake, kwa rai yangu, ni Guide ya mwaka 1965, aliyoiongoza Vijay Anand kutokana na riwaya ya R. K. Narayan. Humo Waheeda ni Rosie, binti wa mwanamke mcheza ngoma wa hekaluni, aliyeolewa na msomi wa mambo ya kale anayejali mapango na sanamu kuliko mke aliyemuoa. Rosie anamwacha mume, anaishi na Raju, yule mwongoza watalii aliyeigizwa na Dev Anand, na anarudi kwenye ngoma aliyokatazwa. Kwa mwigizaji wa kike wa siku zile, nafasi kama hiyo ilikuwa hatari tupu. Watazamaji walizoea mke mvumilivu, anayelia na kungoja. Waheeda hakumfanya Rosie malaika wala hakumwombea radhi. Itafute ile ngoma ya nyoka, pale Rosie anapoanza kucheza mbele ya wacheza nyoka, mwanzo kwa kusitasita, kisha kwa mwili mzima. Utaona miaka yote ya ndoa ile ikimtoka bila ya neno hata moja. Picha hiyo ilimpa tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora wa kike.

Miaka michache baadaye alifanya Khamoshi, picha isiyo na rangi katika wakati ambao kila mtu alitaka rangi. Yeye ni Radha, muuguzi wa hospitali ya wagonjwa wa akili, anayeagizwa kujifanya ampenda mgonjwa ili apone. Anampenda kweli, mgonjwa anapona na kwenda zake. Anapoletewa wa pili, akili yake Radha ndiyo inayoharibika. Picha hiyo itazame mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya hadithi, ya pili umtazame yeye anavyosikiliza wenzake wakisema. Waigizaji wetu wengi wanajua kusema, wachache wanajua kusikiliza. Mwaka 1971 ikaja Reshma Aur Shera ya Sunil Dutt, hadithi ya koo mbili zenye uhasama katika jangwa la Rajasthan, na kwayo akapata Tuzo ya Taifa ya India ya mwigizaji bora wa kike.

Sikufichi kwamba kazi hii ina uchungu wake kwa mwanamke. Katika picha hiyo ya 1971, Amitabh Bachchan alikuwa kijana bubu, mdogo wake Shera, ambaye Reshma, yaani Waheeda, anampenda. Mwaka 1976, katika Kabhi Kabhie, Waheeda alikuwa mke wa Amitabh. Mwaka 1978, katika Trishul, akawa mama yake. Amitabh amezaliwa 1942, wamepishana miaka minne tu! Mwanamume aliendelea kuwa steringi, na mwanamke akasukumwa kutoka upenzi hadi umama ndani ya miaka saba. Waheeda hakuwa na uwezo wa kuibadilisha sinema ya nchi yake. Alichoweza ni kuamua mwenyewe atatokaje na atarudije. Aliolewa mwaka 1974 na Shashi Rekhi, aliyekuwa akijulikana katika sinema kwa jina la Kamaljeet, wakaishi Bangalore na kulea watoto wao wawili. Alipopata kazi ya kumridhisha alifanya, isipomridhisha alikaa nyumbani.

Na yaliyosemwa juu ya uhusiano wake na Guru Dutt ni mengi. Guru Dutt alifariki mwaka 1964, na mpaka leo watu hawajachoka kuulizana. Waheeda ameeleza kwa furaha jinsi walivyofanya kazi pamoja, lakini mambo ya faragha amekataa kuyafanya maneno ya sokoni. Katika zama zenu hizi za kuanika kila kitu mtandaoni, hilo nalo ni somo.

Mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 85, alikabidhiwa Tuzo ya Dadasaheb Phalke, heshima kubwa kabisa ya sinema nchini India. Jina lililosomwa siku ile ni lile lile alilopewa na wazazi wake. Na kama ulidhani ameketi tu kusubiri tuzo, uzeeni alishika kamera akawa mpiga picha wa wanyama wa mwituni, na safari zake zikamfikisha hadi Kenya na Tanzania.

Basi jibu langu ni hili. Usitie saini wiki hii. Mkataba mpelekee wakili ausome kifungu kwa kifungu, gharama nitalipa mimi. Kuhusu jina, waambie jina lako ni Salma, na kama halina umaarufu leo, litaupata kwa kazi yako. Kuhusu nguo, omba kiandikwe kifungu kama kile cha Waheeda, na kiandikwe kwa wino, maana ahadi ya mdomo ni ngumu kuithibitisha. Lakini wakikupa nafasi ya mlevi, ya mwizi au ya mwanamke aliyetupwa na jamaa zake, usiikimbie kwa kuogopa maneno ya mtaani. Mfanye mtu huyo awe binadamu, na maneno ya mtaani tuachie sisi wazee wako tuyajibu.

Wakikataa masharti yako, rudi nyumbani bila ya kinyongo. Kazi nyengine itakuja, na itakukuta na jina lako.

Wasalaam,
Ni mimi shangazi yako akupendaye